Barabara Moja, Kurasa Mbili na Mgongo wa Fishi

Siku niliporudisha funguo za kituo mliniletea fanta na keki, mkanipigia makofi, kisha Espérance akasema mbele ya wote: "Mama Kavira, utuandikie kazi yako yote, tusikukamate ku telefone kila siku." Nimekubali, ingawa najua mtanikamata tu. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinitangulia kwenye orodha. Hayo yako ndani ya dosye yangu, faili langu la kazi, kama panya wameyaacha. Nitaandika jinsi kazi ilivyofanywa, na hasa kesi ya barabara ya Rutshuru, kwa sababu mpaka leo ninapopanga nguo au kuchambua maharage huwa narudi kuiwaza.

Niliingia kwenye kituo cha nyaraka hapa Goma nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Butembo na diploma ya ualimu na viatu vilivyonibana. Kazi ya kituo mnaijua: kutengeneza kamusi elezo ya mkoa wetu kwa Kiswahili, yaani kila mlima, kila soko, kila mto na kila barabara, na maelezo yake. Leo mnaifanya kwenye mtandao. Sisi tuliifanya kwenye fishi, vile vikaratasi vigumu vinavyojaa kiganja, vilivyopangwa kwenye droo za mbao kuanzia A hadi Z.

Mkuu wa droo hizo alikuwa Papa Kasereka, mtu wa Beni, mfupi, mwenye koti moja la kijivu mwaka mzima. Asubuhi yangu ya kwanza aliniwekea mezani fishi mbili. Zote zilieleza soko moja la upande wa Rutshuru. Moja ililiita kwa jina la mtaa wake, nyingine kwa siku linapofanyika.

"Soma," akasema. "Ni bintu bibili ao ni kimoya?"

Nikasoma. "Ni kimoya, Papa."

"Basi fanya kazi."

Nikachana moja. Nilidhani nimemfurahisha, kwa kuwa nilikuwa nimeamua haraka. Yeye akaokota vipande, akavigeuza na kuvipanga juu ya meza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli: Aliuliza, kisha jina la mama mmoja muuza chumvi, kisha swali lake. Alitaka kujua lile soko la siku ya nne limehamishiwa wapi, kwa maana alifika na mzigo akakuta uwanja mtupu.

"Huyu mama akirudia, utamujibu na nini?" akaniuliza Papa Kasereka.

Alasiri yote niliunga vile vipande kwa gundi.

Ndivyo nilivyojifunza utaratibu wa kituo, ambao sijauona mahali pengine popote. Uso wa fishi uliandikwa kwa kalamu ya wino: hapo ndipo tulipoweka tunachokijua. Mgongo uliandikwa kwa penseli: hapo tuliweka jina la mtu aliyekuja kuuliza, alichotaka, na maneno aliyoyatumia mwenyewe. Ilikuwa marufuku kuunganisha fishi mbili bila kuzigeuza kwanza. Penseli zenyewe Papa Kasereka alizichonga kwa wembe, na aliyeonekana akitafuna penseli alinuniwa siku mbili.

Alikuwa na visirani vyake. Hakupenda neno barabara. Kwake lilikuwa neno la magari. "Mutu anatembea mu njia," alisema, na fishi zake zote za barabara akaziweka kwenye N. Mkuu wetu wa wakati huo alimwandikia barua mara tatu azihamishie B. Barua zile alizitunza vizuri, nazo kwenye droo ya N.

Volkano ilipotema moto ukashuka hadi mjini, tulizipakia droo kwenye chukudu tatu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, tukasukuma kuelekea Sake pamoja na watu wengine wote. Droo ya M ilimwagika njiani. Mkishangaa kwa nini maelezo yetu juu ya Masisi ni mafupi na ya ovyo, sababu ndiyo hiyo. Tuliporudi, kituo kilikuwa kimesimama, ila choo kilikuwa kimefunikwa, na kwa miezi minane tuliomba choo kwa majirani.

Kisha zikaja kompyuta. Papa Kasereka alikuwa amestaafu, na kazi ya kuingiza fishi kwenye mashine ikawekwa mikononi mwangu. Tuliingiza nyuso tu. Uamuzi ulikuwa wangu, sikumshauri mtu. Niliona migongo ni majina ya watu wa zamani na maswali yao ya zamani, na sisi tulikuwa na haraka. Siku moja mzee alipita kutusalimu, akanitazama nikichapa.

"Na migongo?"

"Tutaiweka kiisha, Papa."

Akanywa chai yake, akaniaga vizuri, akaenda. Alifariki kabla ya hiyo kiisha kufika. Droo tulizisukumia depo, kwenye stoo yetu, nyuma ya grupu, jenereta ya umeme iliyokufa.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe. Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya kazi. Espérance alikuwa amekwisha kuwa msimamizi wa kurasa za barabara, na nyote mnamjua: anasoma haraka, anakula haraka, hapendi kitu kikae mara mbili. Akagundua tuna makala mbili juu ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Ya kwanza iliitwa "Njia ya Rutshuru", nayo ilitoka kwenye fishi ya Papa Kasereka. Ya pili iliitwa "Barabara ya Taifa Namba 2, sehemu ya Goma hadi Rutshuru", nayo iliandikwa baadaye kutoka kwenye karatasi za mainjinia za kabla ya volkano. Akaweka tangazo juu ya kila moja: Inapendekezwa kurasa hizi mbili ziunganishwe. Kisha akaja mezani kwangu, maana kibali cha mwisho kilikuwa changu.

"Mama Kavira, ni balabala moya tu. Mutu anasoma mambo mara mbili, na kiisha haisikilizane. Angalia hii nyumba ya kantonye."

Kantonye, kwa ambao hamkuwakuta, alikuwa mfanyakazi wa barabara. Alipewa kipande chake, akajengewa nyumba pembeni, na kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kuzibua mitaro na kuziba mashimo. Makala ya kwanza ilisema kuna nyumba ya kantonye kwenye kilomita ya tisa. Ya pili ilisema iko kwenye kilomita ya kumi na mbili. Espérance alitaka kufuta ya tisa, kwa sababu mainjinia wana vipimo na Papa Kasereka alikuwa na koti tu.

Mimi nilikuwa na shaka nyingine. "Espérance, ile njia ya fishi moto wa volkano uliifunika. Hii ya leo wameipasua juu ya mawe. Ya chini iko chini, ya juu iko juu. Wewe unaona ni moja?"

Akacheka. "Njo kusema tutaacha makala ya balabala yenye hakuna mutu anaweza kanyaga?"

Swali lile lilinipendeza sana. Nililibeba hadi nyumbani Mabanga, nikaunguza maharage kwa ajili yake. Mtu akijenga nyumba mpya kwenye kiwanja kilekile tunasema ni nyumba nyingine. Lakini akibadilisha bati tu, tunasema ni ileile. Barabara je? Ni mahali inapopita, au ni mawe yake, au ni watu wanaoitumia? Siku tatu sikuweka kibali wala sikukataa. Espérance alinipita mlangoni akinisalimu kwa adabu iliyozidi kidogo.

Siku ya nne akaja Mama Riziki. Alikuwa wa rika langu, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, vumbi hadi magotini. Alisimama mlangoni hadi nilipomwambia aketi.

"Mama, ni hapa banaandikaka juu ya balabala ya Rutshuru?"

"Ni hapa, mama."

"Muka-mwana wangu ananisomea ku telefone. Anasema munataka kufuta moya. Nimekuya kubaomba: ile yenye iko na papa yangu, musiifute. Ila sijue ni gani."

Akatueleza taratibu, na Espérance akaacha kuchapa. Baba yake, Ndoole, alikuwa kantonye. Alikufa kabla ya volkano kuifikia njia, akazikwa nyuma ya ile nyumba, hatua kumi toka mlangoni, chini ya mparachichi. Riziki alikuwa ameolewa Rutshuru. Vita vilipomkimbiza huko alishuka na wajukuu hadi kambi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma, na alikuwa ameishi kwenye kibanda cha turubai zaidi ya mwaka mzima, jirani kabisa na mahali alipozaliwa, bila kuweza kupatambua. Nyumba na mparachichi vimefunikwa, ni mawe meusi kila upande. Aliposomewa makala ya kwanza alikwenda kwenye kilomita ya tisa, hakuona kitu anachokijua. Aliposomewa ya pili akapanda moto, yaani pikipiki, hadi ya kumi na mbili, napo hakupatambua.

"Siku ya posho tunarudia Rutshuru," akasema. "Kamiyo ya kutubeba imepatikana. Sitaweza kushuka tena, magulu yangu imechoka. Nataka nimuage tu Papa. Munionyeshe ni wapi."

Siku ya posho ni Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilimtazama Espérance, naye akayatazama maneno yake mwenyewe kwenye skrini: kilomita 9, inafutwa. Hakuna aliyemlaumu. Kama kuna wa kulaumiwa, ni mimi, ingawa wakati huo sikuwa nimejua kwa nini.

Espérance alianza na namba, kwa sababu namba ndizo anazozijua. Alipanga zote mezani akauliza jambo ambalo mimi, pamoja na uzee wangu, sikuwa nimeliuliza: kilomita tisa toka wapi? Akafungua karatasi za mainjinia. Wao walianza kuhesabu bandarini, ziwani. Na Papa Kasereka? Nikakumbuka. Zamani, kwa mtu wa Goma, safari ilianza kwenye bariere, kizuizi cha kutokea mjini, ambapo magari yaliandikishwa. Kabla ya hapo hujasafiri, unatembea tu. Mji umeimeza ile bariere zamani, leo pale wanauza bati na godoro. Kutoka bandarini hadi hapo ni kilomita tatu.

"Basi ni nyumba moya!" Espérance akaruka. "Tisa na tatu, kumi na mbili. Mama, nilikuwa na haki."

"Mbona basi alipofika kumi na mbili hakupatambua?"

Akaketi tena. Hapo ndipo nilipochukua ufunguo wa depo.

Siku nzima ya Jumatano tulipekua, yeye amejifunga kitambaa puani, mimi nikipiga chafya. Tulitafuta kwenye B, kisha kwenye R, na saa tisa hivi nikasimama katikati ya depo nikajicheka. Tulifungua N. Juu kabisa zililala zile barua tatu za mkuu. Chini yake, "Njia ya Rutshuru".

Nikaigeuza. Maandishi ya penseli yalikuwa ya mkono wangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mwanamume mwenye kofia ya manyasi aliingia na jembe begani, nikamwambia aliache nje, akakataa. Alitaka kujua kama njia yake ina fishi. Niliandika alichosema kwa sababu Papa Kasereka alikuwa nyuma yangu akinitazama, la sivyo ningemwambia arudi kesho. Nikasoma kwa sauti:

Aliuliza: Ndoole, kantonye. Anasema tuandike nyumba yake. Kilomita 9. Lakini anasema kilomita zinabadilika, vilima havibadiliki. Ukisimama mlangoni, kilima kidogo kinafunika kilima kikubwa chote. Ukienda kando, ubavu wa kikubwa unaonekana. Ukirudi nyuma, kichwa chake kinachungulia.

Chini ya hapo kulikuwa na mstari mmoja zaidi uliofifia, nao sikuweza kuusoma kwenye giza la depo.

Niliona aibu, na sitaificha. Maneno yale yalikuwa yamelala nyuma ya grupu bovu miaka yote hiyo kwa sababu mimi niliwahi kuwa na haraka.

Alhamisi asubuhi tulikwenda na moto tatu, Mama Riziki mbele kwa sababu alikataa kukaa nyuma. Espérance alikuwa na fishi ndani ya bahasha na macho kwenye kihesabu cha moto. Tuliposhuka kwenye kilomita kumi na mbili kutoka bandarini, vile vilima viwili vilikuwa vimeachana kabisa. Tukarudi kwa miguu upande wa mjini. Kila hatua kilima kidogo kilisogea mbele ya kikubwa. Kumbe walipopasua barabara mpya juu ya mawe walinyoosha kona ya zamani, na njia ikapungua. Kwa hiyo namba zote mbili zilikuwa kweli siku zilipoandikwa, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli siku ile.

Tukaiacha lami, tukaingia kwenye mawe. Mama Riziki alitembea kinyumenyume, macho kwenye vilima, huku mimi na Espérance tumemshika mikono asianguke.

"Bado... bado kidogo. Sasa kichwa kinaonekana, turudie mbele." Akapiga hatua mbili. "Ngoja."

Kilima kikubwa kilikuwa kimepotea chote.

"Njo hapa," akasema. "Njo hii nilikuwaka naona kila asubuhi, nikifagia."

Mawe yameinua ardhi, kwa hiyo labda tulikosea hatua chache. Hakuna aliyelisema hilo. Akageuka, akahesabu hatua kumi kwa sauti, akatandika kitenge cha begani juu ya mawe na kuketi. Mimi nililia waziwazi, na Espérance akajifanya anatafuta kitu ndani ya bahasha.

Baada ya muda Espérance akamuuliza, kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake: "Mama, utusaidie. Ile njia ya papa yako na hii balabala ya leo, ni bibili ao ni moya?"

Mama Riziki alimtazama kama anayeulizwa swali la mtoto. "Ni moya. Ilipanda tu juu."

Basi nilishindwa, na niliweka kibali siku ileile. Makala sasa ni moja, na mnaifahamu. Jina lililobaki ni "Njia ya Rutshuru". Hilo Espérance ndiye aliyelichagua, na ukitafuta kwa jina la mainjinia unaletwa hapohapo. Kila kilomita imeandikwa imehesabiwa toka wapi. Kona iliyonyooshwa imetajwa. Vilima vimetajwa. Na mwishoni mwa ukurasa kuna sehemu ambayo kamusi elezo nyingine hazina, iitwayo "Waliouliza". Mmekwisha kuingiza migongo ya A hadi J, nimesikia. Msinipigie simu kuniuliza mwandiko wa Papa Kasereka. Mwende dirishani, muugeuzegeuze kwenye mwanga.

Ndivyo tulivyofanya kule kwenye mawe, na hicho ndicho nilichokiacha cha mwisho. Kabla ya kuondoka Espérance alitoa fishi, akaiinamisha juani ili aone ule mstari uliofifia. Akausoma kimya, kisha akanitazama kama anayeomba ruhusa. Nikamwambia asome. Akachuchumaa karibu na Mama Riziki.

"Mama, hapa banaandika sababu papa yako alikuya kule kwetu. Banasema: Mtoto wake ameolewa Rutshuru. Anataka iandikwe, ili siku akishuka na gari asipitilize nyumbani."

Mama Riziki aliichukua ile fishi. Hakujua kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili, upande wa penseli ukiwa juu. Kisha akaiweka kwenye kitenge, akapapasa jiwe lililokuwa mbele yake.

"Aya, Papa," akasema. "Nimeshuka."